Tata Muamba na Mukwe Wake Ndani ya Ndege ya Mbao

Ndege ya Tata Muamba ilikuwa na viti viwili, kimoja ubavuni mwa kingine, na watu wawili wakikaa humo mabega yao yanagusana, wapende wasipende. Nalisema hili kwanza kwa sababu watu wa mtaa wetu wakisimulia habari za ndege ile wanasimulia mabawa, wanasimulia moteri, wanasimulia Jumapili ile ilipopita juu ya kanisa na padri akanyamaza katikati ya mahubiri. Viti hakuna anayevitaja.

Jina lake kamili ni Ngoyi Muamba. Baba yake aliletwa Kolwezi kutoka Kasai akiwa kijana, kuchimba shaba kwenye mashimo ya Kampani. Yeye mwenyewe alizaliwa hapahapa, akabatizwa hapa, akasomea ufundi hapa, akamzika baba yake hapa. Kasai alikuwa anaijua kwa nyimbo za mama yake tu. Alikuwa fundi wa vyuma kwenye atelieri, karakana ya mgodi, meza moja na baba yangu, tata kama tunavyosema, Tata Banza. Sisi ni watu wa Manono, wa kaskazini ya jimbo hilihili. Nyumba zetu mbili zilikuwa na ukuta mmoja katikati, mwembamba kabisa, hata tukikaanga samaki Mama Tshibola, mke wake Tata Muamba, aliuliza kutoka upande wa pili:

"Mama Huguette! Eh, Mama Huguette! Iyo ni samaki ao ni harufu tu?"

Huguette ni mimi. Na Ngalula, binti yao mkubwa, tulikaa benchi moja darasani.

Ndege ilianzishwa na mzungu. Bwana Joris, mwinjinia wa mgodi, alipata ramani zake kutoka Ulaya akaanza kuijenga ndani ya karakana ya gari, nyumbani kwake, na kwa kuwa kazi ile inataka mikono minne, akamwita Tata Muamba. Walijenga miaka. Mifupa yake ilikuwa mbao, ngozi yake kitambaa. Kitambaa kile walikipaka dawa inayonuka kama ndizi mbivu, kikakazana mpaka ukikigonga kwa kidole kinalia kama ngoma. Moteri waliitoa kwenye Volkswagen kuukuu, ile gari yenye mgongo wa kobe. Kisha Bwana Joris akamfundisha kuirusha, juu na chini, juu na chini, kwenye barabara ya zamani ya udongo karibu na Mutoshi, mpaka mbuzi wa kule wakazoea na kuacha kukimbia. Mwaka ule wa uporaji, askari walipopora mji na wazungu wakaondoka karibu wote kwa mara moja, Bwana Joris alimwachia karakana na kila kilichokuwamo. Alimwambia, "Muamba, ni yako. Usiipeleke mbali."

Mi nilikuwa namfuata kwa maswali kama nyuki anavyofuata muwa uliomenywa.

"Tata Muamba, hii ndeke inaweza kufika Bulaya?"

"Bulaya? Angalia huyu mutoto! Inafika pale essence inaishia. Kisha inashuka, upende usipende."

"Na ikiharibika kule juu?"

"Ile njo uzuri yake, Huguette. Ndeke ya kununua ikiharibika unaita bazungu. Hii ikiharibika naita mukono yangu. Kila musumari, mi njo nilipiga. Ubao ikilia, najua ni ubao gani inalia."

Na kweli ilikuwa na mazuri mengi. Ilikunywa essence, yaani petroli, ileile ya gari. Haikuhitaji uwanja wa lami. Mabawa yake yalitolewa, ikalala ndani ya lupango, ua wa nyumba, kama mkokoteni. Na zile barabara za kwenda Sandoa ambazo masika lori linazama humo mpaka abiria wanapika, wanakula na kuoga palepale, yeye angezipita juu asubuhi moja, viatu vikiwa vikavu. Nilikuwa naisikiliza habari hiyo mdomo wazi. Nilidhani mtu mwenye ndege ameshamaliza shida zote za dunia.

Lakini Tata Muamba hakuwa mtu wa kuficha ubaya wa kitu anachokipenda. Alituambia waziwazi, mi na tata, huku anapanguza mikono kwa mafuta ya taa:

"Haipende joto. Kolwezi iko juu, hewa yake ni nyembamba, jua ikipanda inakimbia tu mu barabara kama kuku, haitake kuruka. Haipende mvula. Haipende mupepo ya kando. Haipende muntu munene. Haina redio, haina kitu ya kupasha moto. Na makelele yake! Ukiwa ndani, hata ukilalamika, ni Mungu peke anasikia."

"Basi ni kama mwanamuke yangu," tata akasema.

"Banza!" mama aliita kutoka jikoni. "Nimesikia!"

Sasa lazima niwaeleze juu ya Mama Kapinga.

Mama Kapinga alikuwa mama mzazi wa Mama Tshibola, kwa hiyo kwa Tata Muamba alikuwa mukwe. Mume wake alipofariki alikuja kukaa kwao, lakini hakukaa ndani ya nyumba. Tata Muamba alimjengea kijumba nyuma, na mlango wake aliugeuza utazame ukuta wetu, sio uwanja, ili asije akamwona mukwe wake bila kutaka. Ndivyo desturi ilivyo kwao, na kwetu pia ni karibu hivyohivyo: mwanamume hamwangalii mama wa mke wake usoni. Hamgusi. Hali chakula mbele yake. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Si chuki hiyo, ni heshima, tena heshima iliyo kubwa kuliko zote. Na hawasemezani. Neno lazima libebwe na mtu wa tatu.

Mtu wa tatu alikuwa Ngalula. Mara nyingi nilikuwepo, na nilikuwa nauma midomo nisicheke. Bibi yuko ndani ya kijumba chake, Tata Muamba yuko uwanjani, kila neno wanalisikia wote wawili vizuri kabisa.

"Ngalula," anasema Mama Kapinga, "ambia tata yako ile mashini yake imeamusha kuku zangu. Hazitage tena."

"Ngalula," anasema Tata Muamba, amegeuza mgongo, "ambia nkambo yako mi naomba rusamu, anisamehe."

"Tata anaomba rusamu," anasema Ngalula, bila hata kuinua macho kwenye sahani anazoosha.

"Ambia yeye kuku haikule rusamu."

Kuna njia ya kuifungua desturi hiyo. Mukwe anatoa mbuzi, ndugu wa kiume wa yule mama anampokea, watu wanakula pamoja, na kuanzia siku hiyo wanaweza kuonana uso kwa uso na kusalimiana. Lakini ndugu yake Mama Kapinga alikuwa anakaa mji wa Luiza, kule Kasai, na kila mwaka walisema mwaka ujao. Mwaka ujao ukapita, na mwingine, na mwingine.

Halafu mambo yakaporomoka. Mgodi ndio ulioanza: mashine zikasimama, maji yakajaa kwenye mashimo tunayoyaita Mashamba, treni za shaba zikawa za kuhesabu. Watu walipokosa kazi walitafuta wa kumlaumu, na wakubwa fulani wakawaonyesha kidole: Bakasai. Ndio waliokula kazi zenu. Niliwaona vijana niliowajua kwa majina, wengine walikuwa wanacheza mpira na kaka zake Ngalula, wakipita barabarani na marungu wakiimba, "Bilulu! Bilulu murudie kwenu!" Bilulu ni wadudu. Ngalula aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kwetu ni wapi, Huguette? Mi sijue njia."

Kwanza Tata Muamba alizuiwa mlangoni mwa atelieri. Kisha Ngalula na wenzake wakaambiwa wasije tena shuleni. Benchi likabaki na mimi peke yangu. Kisha kwa jirani wa pili wakavunja milango, na Wakasai wote wa mtaa wakaanza kubeba magodoro kuelekea gare, kungoja treni.

Nilikwenda gare na mama kuwapelekea wengine unga. Sitaeleza yote. Watu walikuwa wamejaa kwenye njia za reli, ndani ya shule za karibu, chini ya maturubai, chini ya meza zao wenyewe walizobeba kutoka nyumbani. Treni haikuja. Ikija, yalikuwa mabehewa ya wazi ya kubeba mawe, watu wakapandana kama kuni. Baridi ya mwezi wa tano ilikuwa imeanza. Wazee na watoto wachanga ndio waliokwenda kwanza, na waliwazika pembeni palepale.

Mama Kapinga alikuwa na ugonjwa wa kifua. Usiku alipumua kama mtu anayepuliza moto usiotaka kuwaka, na sisi tulimsikia kupitia ukuta. Mama Tshibola alikuja jikoni kwetu, akakaa chini, akasema neno moja ambalo kila mtu alikuwa analijua:

"Kule ku gare mama atakufa."

Tata alikuwa ameificha ndege ndani ya lupango letu, chini ya mabati na magunia, kwa kuwa kwa Tata Muamba wangeichoma. Aliangalia upande wa magunia. Tata Muamba naye aliangalia. Ndipo shauri likazaliwa: ampeleke Mama Kapinga kwa ndege. Wafuate reli mpaka Kasaji, kisha barabara ya kaskazini mpaka Sandoa, ambako kuna misheni na masista wanaweza kumsaidia essence; wapumzike; halafu Luiza, kwa ndugu yake. Amfikishe akiwa hai. Kisha angerudi kwa mke na watoto. Hakuna kingine kilichotakiwa, ni hilo tu: mama afike akiwa hai.

Ila viti vilikuwa viwili, ubavu kwa ubavu.

Mama Kapinga alikataa moja kwa moja. "Ngalula, ambia batu bote hapa: mi ni mama ya mutu. Nitakaa bega kwa bega na mukwe yangu kama mwanamuke yake? Afazali kifua iniue."

"Tutoe mbuzi leo," tata yangu akasema. "Mi nitatafuta mbuzi."

"Nani atamupokea?" Mama Kapinga akauliza. "Wewe Banza? Uko ndugu yangu? Tulinyonya wapi pamoja?"

Desturi haiwezi kufunguliwa na mtu wa ukoo mwingine, tena haraka-haraka, watu wakiwa wamefunga mizigo. Wangeifungua kule Luiza, ndugu akiwepo. Mpaka pale, lazima ibaki imefungwa.

Mama yangu ndiye aliyepata njia. Alileta kikwembe chake kizito, kitenge cha rangi ya bluu, akasema kitundikwe kati ya viti, kutoka juu mpaka chini. Hawataonana. Mabega yakigusana, yatagusana kupitia nguo, na nguo si mtu. Mama Kapinga alikishika kwa vidole viwili. Alikohoa. Akauliza kama kikwembe kimefuliwa. Hapo tukajua amekubali.

Kulikuwa bado na uzito. Tata Muamba alihitaji kuujua, na hakuweza kuuliza uzito wa mukwe wake, hata kupitia Ngalula. Ni kama kuuliza umri wa mwili wake. Mama yangu akampeleka Mama Kapinga kwenye mizani ya kupimia mihogo, nyuma ya nyumba.

"Nimekuwa mufuko ya makaa sasa?" Mama Kapinga alisema akiwa amesimama pale juu, ameshika bega langu, akimtaja mama kwa jina lake. "Godelieve, ukiniuza, usipunguze bei."

Alikuwa mwepesi. Mama alirudi na sura iliyobadilika, akanong'ona namba kwa tata, tata akamnong'oneza Tata Muamba. Kila mmoja alisema "ni vizuri" kwa ajili ya ndege, na hakuna aliyefurahi.

Na neno? Nani atabeba neno kule juu? Ni Ngalula aliyeuliza hivyo. Ndege ilikuwa ya watu wawili. Mtu wa tatu hakuwa na mahali. Wakakubaliana hivi: kati ya viti, chini ya kikwembe, kulikuwa na ubao. Nkambo akisikia vibaya, augonge ubao ule. Tata atashuka mahali popote palipo wazi.

"Agonge kwa nguvu," Tata Muamba akasema.

"Nkambo, anasema ugonge kwa nguvu."

"Nimesikia. Mi siko kiziwi."

Waliondoka jua likiwa bado jekundu. Mimi, Ngalula, Mama Tshibola na tata tulikuwa pale kwenye barabara ya Mutoshi. Masista wa kwetu walikuwa wametupatia blanketi, Mama Kapinga alikuwa nazo nne na kofia ya sufu ya kaka yangu. Mama Tshibola alimwingiza upande wake, akamfunga mkanda, akakifunga kikwembe. Ndipo Tata Muamba akaja kutoka upande mwingine, kichwa chini, akaingia upande wake. Tata yangu akazungusha pangaboi la mbele kwa mkono, moteri ikakohoa, ikashika. Ilikimbia, ikarukaruka, ikaacha ardhi. Mi nilipiga makofi. Siwezi kueleza, nilipiga makofi kabisa, kwa sababu hata siku kama ile kitu kile kilikuwa kizuri. Kikawa kidogo juu ya milima ya mchanga wa mgodi, kikageuka kuelekea reli.

Alirudi kesho yake asubuhi. Tulisikia moteri kwanza, tata akakimbia Mutoshi. Walipoingia jikoni kwetu Tata Muamba hakukaa. Alisimama karibu na mlango, akatusimulia akiangalia mikono yake.

Alisema mpaka Kasaji kila kitu kilikwenda vizuri. Chini aliona gare ndogo ndogo, na katika kila moja watu weusi-weusi wamejaa kama mchwa, na alishukuru kwamba mama hayumo. Baridi ilikuwa kali kuliko alivyodhani. Upepo uliingia kwenye kila ufa. Alitaka kushuka chini kidogo kupate joto, lakini juu ya msitu, kwa ndege ya moteri moja, ukishuka sana moteri ikizima huna pa kwenda. Akabaki juu.

Baada ya Kasaji akasikia kugonga.

"Ubao iligonga," alisema. "Mara mbili, mara tatu. Lakini ile ndeke yote inagonga! Ni mbao, ni mupepo, ni moteri. Nikafikiri, ni ule ubao ya nyuma, ule niligundisha mwaka jana. Nikasikiliza. Nikasema, hapana, ni ya pembeni. Mi najua mbao yangu yote. Nilikuwa natafuta ni ubao gani." Aligeuza viganja. "Kisha ikaacha. Nikafurahi. Nikasema, ubao imekaa sawa."

Mama Tshibola alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Kisha bega yake ikakuja juu yangu. Nzito. Nikafikiri analala. Nikaona haya, nikasogea ku mulango, nimuachie nafasi. Ikakuja tena. Nikasogea tena. Mpaka Sandoa nilikaa vile, nimejibana ku mulango kama mwizi."

Kule Sandoa alitua kwenye uwanja wa misheni. Alizima moteri. Hakugeuka. Akatoka, akasimama mbali, mgongo kwa ndege, akamwita sista mmoja mzee aliyekuwa anakuja mbio na watoto: "Mama, naomba umuulize mukwe yangu kama amefika muzuri."

Sista alizunguka upande ule. Alikaa kidogo. Kisha akasema, "Tata, huyu mama amekwisha kupoa."

Tata Muamba aliinua mkono wake wa kulia, akakunja vidole, akatuonyesha. "Mukono yake ilikuwa vile. Hapa, karibu na ubao."

"Nani aliona?" Mama Tshibola akauliza.

"Mi. Sista alikuwa muzee, hakuweza kumutoa peke yake. Nilikata kikwembe. Nilimuangalia." Akagusa shavu lake mwenyewe. "Iko na alama ndogo hapa, chini ya jicho. Miaka yote ile. Mi sikujua."

"Aliungua kule Luiza, mutoto mudogo," Mama Tshibola alisema. "Ni uji."

Walimzika Sandoa siku ileile. Watu wa kule hawakumjua, lakini waliimba. Sista alimpa essence ya kurudia.

Mama Tshibola hakulia kwanza. Aliuliza, "Aligonga, Ngoyi?"

"Ubao iligonga. Sijue kama ni yeye."

Ndipo sauti ikamtoka. Mama yangu akaanguka pamoja naye, Ngalula akaanguka, wakatandika mkeka palepale jikoni, na majirani wachache waliobaki wakaja.

Tata Muamba akageuka kutoka nje. Kwenye kilio mukwe hakai na wenye msiba. Kazi yake ni kupasua kuni, kutafuta sanduku, kukaa uwanjani na wanaume. Alikuwa ameshafika mlangoni.

"Unaenda wapi?" Mama Tshibola aliuliza kutoka chini.

"Inje. Mi niko mukwe."

"Ulimuangalia uso?"

"Nilimuangalia."

"Nani alimufunga macho?"

"Mi. Na mukono yangu."

"Basi hauko mukwe tena. Uko mutoto yake. Kuya ukae hapa."

Alivua viatu. Alipita katikati ya wanawake, mtu mrefu vile, akakaa kwenye mkeka kando ya mke wake, miguu imenyooshwa kama wanavyokaa watoto wa marehemu, na akalia kwa sauti. Mi sikuwahi kumsikia mwanamume akimlilia mama wa mke wake namna ile. Tata yangu alitoka nje. Yeye ndiye aliyepasua kuni.

Hawakuondoka kwa ndege. Tata yangu alimwambia Tata Muamba, siku matanga yalipokwisha, kwamba bado anaweza: ampeleke Mama Tshibola, kisha Ngalula, kisha mdogo wake, kisha wengine, mmoja-mmoja. Walikuwa watoto watano. Tata Muamba alikuwa ameketi juu ya ndoo, anaangalia magunia.

"Banza, ile ndeke ni muzuri. Sitasema uongo, ni muzuri. Lakini kila asubuhi itaniuliza: leo unaokoa nani, na unaacha nani? Na yule niko naye ndani, sitamusikia. Treni ni mubaya, lakini tutakuwa bote. Mutoto akilia, nitasikia."

Wakaenda gare na magodoro yao. Tuliwapelekea unga na makaa kila siku. Siku mabehewa yalipokuja, tata yangu alitumia mabega yake yote kuwapandisha, kijana mmoja akamtukana, "We Banza, unauza inchi yako?" naye akamjibu, "Nyamaza, mutoto wa Kalumba, huyu muntu alikutengenezea kitanda ulipozaliwa." Ngalula alikuwa juu ya mzigo. Alisema tu, "Unitunzie nafasi." Sijui alimaanisha benchi au kitu gani. Mi nilisema ndiyo.

Ndege ilibaki kwetu. Wanaume fulani walikuja wakachukua moteri, na sasa, wanasema, inasaga mihogo mahali fulani upande wa Mutoshi. Mabawa tata aliyalaza chini ya mabati. Kitambaa kimeanza kupasuka.

Mwaka huu mfanyakazi mmoja wa reli alipita kwetu akitokea Mwene-Ditu, kule Kasai. Tata akamuuliza kama amesikia habari za mtu anayeitwa Muamba, fundi, mrefu, mwenye watoto watano.

"Ule wa baiskeli? Ndiyo, niko namujua. Anatengeneza baiskeli karibu na soko. Muntu wa kunyamaza."

"Anasemaka juu ya ndeke?"

"Ndeke gani?" Yule mtu alicheka, kisha akaona sisi hatucheki. "Hapana. Kitu moja tu anauliza. Kila dereva wa lori mwenye kupita, anamuuliza kama anaenda upande ya Sandoa. Akisema ndiyo, anamuomba apite ku misheni, aangalie kama majani imeota sana juu ya kaburi moja. Anasema ni ya mama yake."

"Ya mukwe yake," kaka yangu akasahihisha.

Tata alimwangalia kaka mpaka kaka akashusha macho. "Alisema mama yake," akasema. "Umusikie."